Liwali wa Mombasa

Neno liwali asili yake ni Kiarabu, al-wali, yaani mtu aliyekabidhiwa jimbo na mfalme wake ili alitawale kwa niaba yake. Waswahili walilipokea neno hilo pamoja na ile al- ya mwanzo, wakaliunganisha likawa moja, na kwa muda wa zaidi ya miaka 250 likawa ni jina la mkubwa wa mji katika pwani yetu. Leo wanafunzi husikia habari za gavana na za kamishna wa kaunti, na pengine hudhani kwamba ubishi juu ya nani amweke mkuu wa jimbo, na mkuu huyo amtumikie nani, umezaliwa na Katiba ya mwaka 2010. Sivyo. Ubishi huo ulikuwapo Mombasa zamani sana, na wako watu waliopoteza roho zao kwa ajili yake.

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliizingira mnamo Machi 1696, wala hawakuweza kuingia mpaka Desemba 1698, baada ya miezi 33, wakati njaa na maradhi vilikuwa vimewamaliza waliokuwa ndani. Tangu hapo aliyekaa Ngomeni alikuwa mtu wa Imamu wa Omani. Lakini Omani yenyewe iliingia katika fitina, na mwaka 1728 Wareno wakarudi. Hawakukaa sana. Mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe waliwaondokea, wakawafungia Ngomeni, na mwezi wa Novemba Wareno wakaondoka, safari hii wasirudi tena kutawala.

Basi hapo pana jambo la kutufikirisha. Tarehe za Mombasa zasimulia kwamba watu hao, waliokwisha kujikomboa kwa mikono yao, walituma wajumbe kwenda Omani kumwomba Imamu awapelekee mkuu. Katika wajumbe hao walikuwamo watu wa Thelatha Taifa, nao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Walikuwamo watu wa Tisa Taifa, ambao Wamvita ni miongoni mwao. Na walikuwamo Mijikenda kutoka bara. Mtu aweza kuuliza, kwa nini mtu atoke nyumbani kwake, avuke bahari, akajitafutie mtawala?

Mimi naona jibu si gumu kwa mtu aliyekaa mjini. Mombasa haikuwa mji wa watu wa namna moja. Kila taifa lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamim, na hapana taifa lililokuwa radhi kutawaliwa na tamim wa taifa jingine. Mgeni mwenye bunduki na majahazi, asiye wa huku wala wa kule, aliweza kuwa mwamuzi. Walichokitaka watu wa Mombasa ni mwamuzi, hawakutaka bwana. Tukilikumbuka jambo hilo, mengi yaliyofuata yatatuelea.

Liwali aliyeacha jina ni Muhammad bin Uthman al-Mazrui, aliyepelekwa na Imamu baada ya wengine wawili kushindwa kupatana na watu. Alipokuwa Mombasa, ufalme wa Omani uligeuka. Nyumba ya Yaarubi ilianguka, na Ahmad bin Said, ambaye mwenyewe alikuwa liwali wa Sohar, akajitawalisha na kuanzisha nyumba ya Busaidi. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake, kama wanavyoieleza wenye tarehe, ilikuwa kwamba ikiwa liwali mmoja ameweza kujifanya Imamu, liwali mwingine naye ana haki ya kujitawala mahali alipo. Ilikuwa hoja ya hatari. Ahmad bin Said alituma watu waliojifanya kwamba wamegombana naye na kumkimbia. Muhammad akawapokea kama wageni, nao wakamwua. Ndugu yake, Ali bin Uthman, akatiwa kifungoni humo humo Ngomeni.

Ahmad bin Said alidhani kwamba amekwisha kuipata Mombasa, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ali bin Uthman alitoroka kwa msaada wa watu, akakusanya jeshi la wenyeji wa mji na Mijikenda, akairudia Ngome na kuitwaa, na yule aliyewekwa na Imamu akauawa. Tangu hapo Wamazrui wakatawala Mombasa mpaka mwaka 1837, na ingawa walijiita maliwali, kwa kweli hawakuwa maliwali wa mtu.

Nguvu zao zilitoka wapi? Hawakuwa na askari wengi kutoka Manga. Barua ya Omani ilikuja kwa upepo wa kaskazi, na jibu lake likangoja kusi, hata amri moja ikaweza kuchukua karibu mwaka mzima kwenda na kurudi. Wamazrui walitawala kwa sababu walikaa na wazee wa mataifa yote mawili na kupatana nao, na kwa sababu Mijikenda walikuwa tayari kuteremka na mishale yao mji ulipotishwa. Chakula walikipata Pemba, kisiwa walichokitawala kwa miaka mingi, na mpunga wake ndio uliowalisha. Liwali aliyewaudhi wazee hakulala raha. Mwaka 1826 Sulaiman bin Ali, aliyekuwa mzee na dhaifu, aliondolewa katika ukuu, na mahali pake pakachukuliwa na Salim bin Ahmad. Wakati wa Wamazrui wa mwisho ndio wakati wa Muyaka bin Haji, mshairi ambaye tungo zake nyingi zahusu vita na siasa za Mombasa. Huwa nawashauri vijana wasome mashairi yake wakiwa na tarehe mkononi, maana pasipo tarehe nusu ya utamu wake hupotea.

Haikosi Wamazrui walikosea pia. Yapata mwaka 1812 waliungana na watu wa Pate kuishambulia Lamu, wakashindwa vibaya huko Shela. Watu wa Lamu, kwa hofu ya kurudiwa, walimwomba Sayyid Said bin Sultan wa Omani awapelekee liwali, kama vile watu wa Mombasa walivyofanya zamani. Kwa njia hiyo Wabusaidi walipata pa kukanyaga katika pwani ya kaskazini, na waliowafungulia mlango ni wenyeji wenyewe. Abdallah bin Ahmad alipokuwa liwali mwaka 1814, yasimuliwa kwamba badala ya zawadi ya utii iliyozoeleka alimpelekea Sayyid Said deraya ya chuma, baruti kidogo na risasi. Sayyid Said alifahamu maana yake. Alingoja, maana alikuwa mtu wa kungoja, na mwaka 1823 Pemba ikawatoka Wamazrui.

Walipobanwa walitafuta mlinzi mwingine. Mnamo Februari 1824 Kapteni Owen wa manowari za Uingereza alikubali kuitwaliza bendera yake Mombasa, kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe na ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Akamwacha Luteni Reitz kuwa mkuu. Kijana huyo alikufa kwa homa mwaka ule ule, na mlango wa bahari ulioko magharibi ya kisiwa waitwa kwa jina lake hata leo. Serikali ya London haikuutaka mzigo huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa.

Sayyid Said aliishambulia Mombasa mara kadha wa kadha katika miaka iliyofuata, lakini kilichoivunja Mombasa hakikuwa mizinga. Salim bin Ahmad alipokufa mwaka 1835, jamaa zake waligombea nafasi yake, na baadhi ya wazee wa Kilindini walichoka nao, wakafanya shauri na Sayyid Said. Mwaka 1837 Ngome ikawa mikononi mwake bila vita vikubwa. Baadaye wakubwa wa Kimazrui waliitwa barazani wakakamatwa, wakasafirishwa hata Bandar Abbas huko Uajemi kama wafungwa, wala hawakurudi. Waliosalia walihama, wengine wakaenda Gazi na wengine Takaungu.

Sasa tazama jinsi Sayyid Said alivyojifunza kutokana na yaliyopita. Hakumpa liwali wake nguvu walizokuwa nazo Wamazrui. Liwali alikaa mjini na kuamua kesi, lakini askari wa Ngomeni walikuwa chini ya akida wao, na ushuru wa bandari ulikusanywa na mawakili wa tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyeikodi forodha yote kwa Sultani. Kwa hiyo liwali hakuwa na jeshi wala hazina. Asiyekuwa na viwili hivyo hawezi kuasi. Lakini pia hawezi kutenda neno kubwa, liwe jema au baya, pasipo kuandika barua Unguja.

Mpango huo ulikuwa wa busara kwa Sultani. Kwa mji ulikuwa wa taabu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na katika Mombasa waliwekwa wawili makusudi. Akida Muhammad bin Abdallah, aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake, aligombana na liwali, akagombana na Sayyid Barghash, mwisho akajifungia Ngomeni na kuelekeza mizinga mjini. Mnamo Januari 1875 manowari mbili za Waingereza ziliipiga Ngome kwa makombora mpaka akasalimu amri. Wenye akili mjini walikwisha kuona siku ile kwamba mwenye nguvu Mombasa si liwali, wala si akida, wala si Sultani aliyewaweka wote wawili.

Jambo moja halistahili kufichwa. Maliwali wa zama hizo na jamaa zao walikuwa wenye mashamba, na mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa. Salim bin Khalfan al-Busaidi, aliyekuwa liwali wa Malindi kisha wa Mombasa, alikuwa mmoja wa wenye ardhi kubwa kabisa katika pwani. Mtumwa aliyemkimbia bwana wake angeshtakiwa mbele ya liwali, naye liwali ni bwana wa watumwa. Haki gani angeipata? Sheria ya kuuondoa utumwa katika Kenya haikutoka mpaka mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya hati za ardhi ya pwani. Waliojua kusoma na kuandika na waliojulikana serikalini walipata hati. Wengi waliolima bila karatasi, wakiwamo Mijikenda na waliokuwa watumwa, hawakupata kitu. Mashauri ya maskwota ambayo serikali za Kenya zimehangaika nayo tangu uhuru yana mizizi hapo.

Waingereza walipoingia, kwanza kwa kampuni ya Mackinnon tangu 1888, kisha kwa serikali yao tangu 1895, walivikuta vyeo hivi wakaona vitawafaa. Kwa mkataba wa Desemba 1895 Mwambao, yaani ukanda wa maili 10 toka baharini, ulibaki kuwa mali ya Sultani wa Unguja, na Waingereza wakawa wanamlipa pauni 11,000 kwa mwaka. Sir Arthur Hardinge aliahidi mbele ya watu kwamba dini ya Kiislamu na sheria yake vitaheshimiwa. Jimbo likaitwa Seyidie, maana yake la Sayyid. Liwali, mudir na kadhi wakaachwa katika viti vyao.

Hata hivyo vita vya kwanza vya serikali hiyo vilitokana na kiti cha liwali. Mwanzoni mwa 1895 liwali wa Takaungu alikufa. Kwa desturi ya Wamazrui mrithi alikuwa Mubarak bin Rashid, lakini kampuni ilimchagua Rashid bin Salim, kwa kuwa alikuwa rafiki yake. Mubarak akaasi, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee aliyekwisha kupigana na masultani mara nyingi, akaingia vitani upande wake. Pwani iliwaka moto. Askari waliletwa kutoka India, na mnamo Aprili 1896 Mbaruk na watu wake wakavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Tangu hapo halikutokea tena swali kama watu wanamtaka liwali huyu au yule. Liwali alichaguliwa ofisini, akapewa mshahara kila mwezi, na juu yake alikaa Mkuu wa Jimbo, Mwingereza, ambaye ndiye aliyekuwa na polisi, kodi na kalamu.

Maliwali wa zama hizo hawakuwa watu duni. Sir Ali bin Salim, mwana wa Salim bin Khalfan, aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria akiwasemea Waarabu. Sir Mbarak Ali Hinawy alikuwa mwanachuoni, akazikusanya tungo na habari za kale za pwani, na mwaka 1950 kitabu chake juu ya Al-Akida na Ngome ya Yesu kilichapishwa. Mimi hupenda kumfikiria bwana huyo akikiandika. Yeye ni liwali, mwenye cheo kile kile cha Muhammad bin Uthman, naye anaandika habari za watu waliopigania Ngome, na wakati ule ule Ngome yenyewe ni jela ya serikali ambayo liwali hana ufunguo wake. Ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958, kisha mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho.

Heshima ilibaki, na kazi ya dini ilibaki. Wamazrui nao walirudi mbele kwa mlango mwingine: Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyeandika tarehe ya ukoo wake wenyewe na kutoa gazeti la Al-Islah, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947. Ukoo ulionyang'anywa uliwali ukapata ukadhi, na huenda huo ulikuwa na manufaa zaidi, maana fatwa ya Sheikh al-Amin ilifuatwa na watu wasiojali amri ya liwali yeyote.

Uhuru ulipokaribia, lilizuka swali la Mwambao. Wengine walitaka ukanda huo ujitawale, wengine wakataka urudi kwa Sultani, na wengi, hasa Mijikenda na watu wa bara waliokaa mjini, walitaka uwe Kenya. Sir James Robertson alikuja mwaka 1961 kusikiliza maneno ya pande zote, akashauri uunganishwe na Kenya. Mnamo tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, walipelekeana barua za mapatano, na siku chache baadaye mkataba ukatiwa sahihi. Barua hizo zafaa kusomwa kwa makini. Zilihifadhi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu na hati za ardhi. Tena zilisema kwamba mahali penye Waislamu wengi maofisa wa utawala, kwa kadiri iwezekanavyo, wawe Waislamu. Cheo cha liwali hakikuhifadhiwa. Kwa kuwa aliyemtuma ameiachilia nchi, liwali naye alikuwa amekwisha kazi yake. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Sultani mwenyewe akapinduliwa.

Hapo Pwani ilijaribu jambo jipya. Chini ya katiba ya majimbo kila jimbo lilikuwa na bunge lake dogo, na wajumbe wake walimchagua rais wa jimbo. Rais wa Jimbo la Pwani alikuwa Ronald Ngala, mwana wa Mijikenda, wale ambao zamani waliletwa mjini kwa ajili ya mishale yao. Jaribio hilo halikumaliza hata miaka miwili. Chama cha KADU kilivunjwa Novemba 1964, jamhuri ikatangazwa Desemba, na utawala wa majimbo ukafutwa. Akarudi Mkuu wa Mkoa, aliyeteuliwa na Rais na kumjibu Rais, mwenye kofia na fimbo alizoziacha Mwingereza. Nguvu zake zilikuwa kubwa. Rais Kenyatta alipofariki katika Ikulu ya Mombasa alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Eliud Mahihu, alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokuwa na siri ya nchi nzima mikononi kwa saa kadhaa. Hapana liwali wa Sultani aliyepata kuwa karibu na kiti cha enzi namna hiyo.

Katiba ya mwaka 2010 iliagiza utawala wa mikoa ufanyiwe marekebisho katika muda wa miaka mitano ili upatane na serikali za kaunti. Tarehe 4 Machi 2013 watu wa Mombasa walipiga kura kumchagua gavana, Hassan Ali Joho, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huo mkuu wake alichaguliwa na kila mtu mzima, awe Mmiji, Mgiriama, Mhindi, Mwarabu au mtu wa bara. Lakini kamishna wa kaunti yuko pia, ameteuliwa na serikali ya taifa, na polisi hawako chini ya gavana. Sayyid Said angeutambua mpango huo mara moja.

Makao ya serikali hizo sasa hayako mbali na Ngome. Mtu akitoka Ngomeni na kuingia Mji wa Kale, njia aishikayo yaitwa Mbarak Hinawy, nayo yampeleka mbele ya msikiti wa Mandhry mpaka bandari ya zamani, ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga na kaskazi yakiwa na barua za Omani.